Nimestaafu jeshi, nataka kuingia kwenye ujenzi hapa Dodoma, naanzia wapi?

Mzee wa Ihumwa: Wakuu habari za jioni. Nimemaliza utumishi JWTZ, greda na eskaveta nimeendesha sana ila cheti cha uraiani sina hata kimoja. Nipo Ihumwa naona malori ya kokoto yanapita kutwa kwenda Mtumba, roho inaniuma. Vijana wanasema nitoe kiinua mgongo nifungue kampuni kabisa, mnashauri nini?

fundi_chuma: Karibu uraiani afande. Kampuni acha kwanza, hela ikishaingia saiti haitoki haraka, unalipa nondo na simenti leo malipo yako unayasubiri mpaka unachoka. Nenda VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, uulizie urasimishaji ujuzi, wanakupima kwa kazi unayoijua tayari, huanzi upya darasani, ukifaulu unapewa cheti. Na leseni iwe na daraja la mitambo, saiti kubwa wanaiomba kabla hata ya salamu.

Mama Kokoto: Kweli kabisa. Ukandarasi lazima usajiliwe CRB, ile bodi ya usajili wa makandarasi, madaraja yanaanzia la 7 kupanda kwenda la 1, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi isipokuwa la 1. Tenda za serikali nazo siku hizi ni NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni. Ila afande, vibarua sio kuruti, ukiwafokea asubuhi mchana umebaki na koleo peke yako 😂

Mzee wa Ihumwa: 😂😂 Hilo hata mama watoto kashaniambia. Naanza na VETA basi, kampuni itasubiri.

fundi_chuma: Safi mkuu, beba na barua yako ya utumishi.