Makala ya utapeli wa mtandaoni kwa Wikipedia ya Kiswahili: nithibitisheje yale yanayojulikana na kila mtu?

MwanaTanga
Ndugu wahariri, ninaandaa makala kuhusu utapeli wa mtandaoni. Rasimu niliyonayo ni tafsiri, na karibu yote inazungumzia barua pepe za uongo na tovuti bandia za benki, ilhali msomaji wa Sumbawanga au Kisumu huandamwa zaidi kwenye simu yake ya mkononi: ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mtu anayejifanya mhudumu wa kampuni ya simu, au laini kuhamishiwa kadi nyingine bila mwenyewe kujua. Kwa kuwa Wikipedia haipokei utafiti wa mwandishi mwenyewe, nitayathibitishaje haya? Na je, nikieleza jinsi laini inavyoibwa, sitakuwa nimewafungulia matapeli darasa?

KalamuYaPwani
Vyanzo vipo, ndugu yangu. TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, hutoa takwimu za kila robo mwaka zinazoonyesha majaribio ya ulaghai kwa mikoa, na Rukwa na Morogoro zimewahi kutajwa kileleni. Liandike kama lilivyoripotiwa, wala usiligeuze kuwa sifa ya wakazi wa huko. Ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kwa Kenya ile ya mwaka 2018. Ila mimi ningekaa zaidi kwenye usajili wa laini kwa alama za vidole. Laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa Tanzania Januari 2020, na bado ujumbe wa kitapeli haukukoma, kwa sababu tapeli hutumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Wakala asiye mwaminifu humwambia mteja kwamba kidole hakikusoma, akiweke tena, na kumbe mara ya pili anasajili laini nyingine. Hilo hulipati katika makala iliyotafsiriwa tu kutoka Kiingereza.

Mhariri wa Nakuru
Hofu ya darasa naiona imezidi, kwani tapeli hangoji kamusi elezo imfundishe. Eleza yale ambayo mhanga anaweza kuyatambua, kwa mfano kwamba laini iliyohamishwa hupoteza mtandao ghafla katika simu ya mwenyewe, na kwamba anayepiga akiomba namba ya siri anahitaji hiyo tu ili amalize kazi yake. Maneno ya kumlaghai wakala wa laini yaache. Namba za simu za wanaoshukiwa usiziweke kabisa. Pengine zimesajiliwa kwa jina la mtu asiye na habari. Namba 15040 ya kuripoti iingie kama maelezo ya mfumo wa TCRA, si kama tangazo.

MwanaTanga
Nashukuru sana. Nitaanza na usajili wa laini, na sehemu ya barua pepe nitaipunguza ibaki aya moja.

KalamuYaPwani
Ukishaichapisha, iweke katika orodha yako ya maangalizi, ile inayokuonyesha kila badiliko la makala unazozifuatilia, pamoja na makala za benki na kampuni za simu, maana mtu akibadilisha humo namba ya huduma kwa wateja, makala yenyewe itakuwa chambo.