Namba 9 wa uongo anafaa dhidi ya timu inayopaki basi?

Kocha_wa_Mchangani
Wakuu, tunacheza 4-3-3 na hatuna straika. Nataka namba 10 (kiungo mshambuliaji) asimame mbele kama 9 wa uongo, awe anashuka kuchukua mpira. Mawinga wana mbio. Wapinzani wetu wengi hupaki basi, yaani hukaa nyuma karibu wote. Mfumo huu unavunjikia wapi?

BekiWaKati
Unavunjikia hapo hapo, mkuu. Silaha yake ni kumtia beki njia panda: amfuate au abaki? Real Madrid 2-6 Barcelona, 2 Mei 2009, Eto'o wa Barcelona alihamia kulia, mwenzake Messi akaja katikati na kushuka. Cannavaro na Metzelder, mabeki wa kati wa Madrid, wakimfuata, mgongoni panabaki wazi. Wakibaki, anageuka bila kukabwa. Henry wa Barcelona, akitokea kushoto, akafunga mawili.

Timu iliyopaki basi haina huo uwazi wa nyuma. Mabeki wanaganda kwenye boksi, kiungo mkabaji anamchukua 9 wako, winga hana pa kukimbilia. Mnaishia kupiga krosi na ndani hamna mtu.

Namba8
Hesabu pia mabeki wa kati. Euro 2012, Hispania na Fàbregas kama 9 wa uongo: mechi ya kwanza Italia walipanga watatu, De Rossi akiwemo, hivyo mmoja akipanda wawili wanabaki. Ikawa 1-1. Fainali wakaja na mabeki wanne, wakapigwa 4-0. Bao la kwanza Fàbregas hakushuka kabisa! Alimpita beki Chiellini hadi karibu na mstari wa goli, akarudisha mpira, Silva akaweka kichwa. Anayeshuka kila mara anazoeleka. Na bao la tatu, Italia wakiwa 10, lilifungwa na Torres, straika halisi aliyetoka benchi.

Kocha_wa_Mchangani
Shukrani. Mazoezini nianze na nini?

BekiWaKati
Nusu uwanja, washambuliaji 6 kwa mabeki 5. Bao halihesabiki mpaka 9 ashuke na mwenzake apite nyuma ya mabeki. Winga aanze mbio 9 anaposhuka, akate kati ya beki wa pembeni na wa kati. Akisubiri 9 apokee kwanza, beki ameshageuka. Akiwahi mno, ameotea. Kila krosi, namba 8 (kiungo) mmoja awe ndani ya boksi. Fulubeki mmoja asipande, maana mpira ukipotea katikati mnakimbizwa moja kwa moja golini.