Naomba ushauri: mchezo wa Malkia Charlotte nianzie wapi?

Habari wakuu. Naandika mchezo mfupi wa kuigiza kuhusu Charlotte wa Mecklenburg-Strelitz, yule binti wa Kijerumani. Alifika London tarehe 8 Septemba 1761, ana miaka 17, Kiingereza hajui, na usiku huohuo akafungishwa ndoa na Mfalme George III ambaye hajawahi kumwona. Joho la mahameli lilikuwa zito mpaka likawa linamvuta mabegani. Maskini!

Nianzie hapo, au mwaka 1788, keshazaa watoto 15 na mume kapatwa na maradhi ya akili?

Halafu wale wanawake waliomhudumia chumbani walikuwa wa familia za makabaila. "Wajakazi" naona inawashusha. "Wapambe" itafaa?