Hivi kurudia jina kwenye habari na hukumu ni kosa kweli?

Mleta mada:
Wakuu salama? Kuna hii ishu ya walimu na wahariri kukata kila jina likirudiwa, "usirudierudie, umeshamtaja", mimi naona inatuumiza, hasa tangu 2021 sheria ilipobadilishwa Kiswahili kikawa ndo lugha ya sheria na mahakama Tanzania. Someni hii taratibu: "Mlalamikaji alimfuata mshtakiwa nyumbani kwake akamwambia amechukua simu yake." Nyumbani kwa nani? Nani kachukua? Simu ya nani? Utasema mshtakiwa ndo kachukua, sawa, ila hilo umelitoa kichwani kwako kwa vile unajua kesi zinavyokuwaga, sentensi yenyewe haijakwambia. Mlalamikaji anaweza kuwa alienda kukiri kwamba yeye ndo kaichukua na maneno yasibadilike hata moja.

Kwenye vitu ngeli inatuokoa sana. Watu wa kompyuta wana mfano wao maarufu wa kupima kama mashine inaelewa inachosoma, kombe halikuingia kwenye begi kwa sababu ni kubwa mno, au begi ni dogo mno, na kwa Kiingereza kiwakilishi ni kilekile kwa vyote viwili. Sisi ukisema "kombe halikuingia kwenye mkoba kwa sababu ulikuwa..." hujamaliza hata sentensi msomaji kashajua ni mkoba. Lakini toa mkoba weka sanduku, inakuwa "lilikuwa", na kombe nalo ni "lilikuwa", umerudi kwenye kubahatisha. Sasa watu wote tuko ngeli moja, A-WA, mke na mume, hakimu na mwizi, kwa hiyo ukiandika habari za watu wawili hiyo shida ya kombe na sanduku unayo kila mstari.

Mchangiaji:
Mkuu nakupinga. Msomaji sio mtoto. "Juma alimwona Ali akamsalimia", kuna mtu kweli anauliza nani kasalimia? Ile -ka- inamwendeleza yuleyule aliyeanza, basi. Halafu jaribu kuandika "Juma aliingia, Juma akaketi, Juma akaagiza chai", mtu anaanza kudhani kuna Juma wawili. Watafiti Gordon, Grosz na Gilliom walishalipima hili 1993 kwa wasomaji wa Kiingereza, jina likirudiwa pale ambapo kiwakilishi kingetosha mtu anasoma polepole zaidi. Yaani unamchosha kwa kitu alichokuwa anakijua.

Mleta mada:
Mkuu huyo Juma wako wa chai yuko peke yake mle ndani, hata mimi nisingemrudia. Weka wawili. "Juma alimpiga Ali akalia." Nani kalia? Ali, na -ka- ni ileile uliyosema inamwendeleza aliyeanza. Kilichoamua hapo ni kupigwa na kulia, -ka- haikuamua chochote. Kwenye hadithi hiyo inatosha kabisa na inapendeza, ila kwenye hukumu kuna wakili wa upande wa pili analipwa aisome hiyo sentensi vile wewe hukuikusudia, na kwenye gazeti kuna mtu ataitwa mwizi na mtaa mzima kwa sababu ya "a-" moja.

Na hapa pa hatari panajulikana: watu wawili, halafu kauli ya mmoja ndani yake. "Alimwambia amechukua", "alidai kwamba alimtishia", hapo ndo pa kurudia. Hata "huyo" ikikaa peke yake haitoshi, weka "mshtakiwa huyo", "dereva huyo", maneno mawili tu na mtu kajulikana. Mimi ile ya mwanzo ningeiandika hivi: "Mlalamikaji alimfuata mshtakiwa nyumbani kwa mshtakiwa, akamwambia kuwa mshtakiwa amechukua simu ya mlalamikaji." Haina utamu, nakubali, ila nioneshe mtu anayeweza kuigeuza. Wahariri na mawakili mliomo humu, hiyo ikikufikia mezani unaikata au unaiacha?