Zana za marehemu baba zinaisha moja moja. Nyie mnazitunzaje?

Randa ya Jioni (Tanga)

Salaam wadau. Nipo Ngamiani, barabara ya 12. Kazi yangu ni cherehani, ila jioni na Jumapili nashika randa. Marehemu baba alikuwa seremala, na alikuwa ananiita nimshikie mbao, ndiyo nikajifunza hivyohivyo kwa kushika. Ameniachia sanduku la mninga na zana zake. Mwaka huu nimeshatoa stuli mbili na kabati la vyombo la mtiki wa Longuza, shamba la miti la huku Muheza. Mlango mmoja wa kabati unakwaruza chini, sijui kosa ni la bawaba au la sakafu, lakini hilo tuliache.

Shida yangu ni kwamba sanduku lile ukoo mzima unaliona la baba, kwa hiyo la wote. Kaka anapita tu, anaondoka na drili. Wifi nyumba ya pili anatuma mtoto: "Shangazi, mama kasema umpe nyundo." Mtoto nimnyime? Patasi ya nusu inchi niliiona mara ya mwisho kabla ya Ramadhani. Spana namba 13 nimenunua mara tatu, na ninavyoandika hapa sina hata moja. Bisibisi nimeacha kuzihesabu.

Zinazobaki zinaliwa na kutu. Upepo wa bahari ukivuma usiku, asubuhi msumeno umeota vipele vyekundu. Nikapaka mafuta ya alizeti nikijiona mjanja, sasa randa inanata kama karai la maandazi.

Daftari nimejaribu. Ukurasa wa kwanza umejaa vizuri, wa pili una mistari mitatu, wa tatu mwanangu kachora gari. Mnafanyaje? Tafadhali msiniambie "wanyime". Hawa ndio watu wangu.

Waya Mwekundu

Dada, daftari la nini zama hizi? Piga picha kila zana, weka orodha kwenye simu: jina la zana, nani kachukua, tarehe. Simu yenyewe itakukumbusha.

Randa ya Jioni

Mdogo wangu, mtoto wa wifi anapofika mkono mmoja una gundi na mwingine umekaba ubao usihame. Simu nitaishika na meno? Ila picha nitapiga, angalau nijue nilichokuwa nacho.

Mzee wa Stoo

Mwanangu, mimi nimekaa stoo ya zana kiwandani, hapahapa Tanga, mpaka nastaafu. Mafundi wale walikuwa wakorofi kuliko ukoo wako. Daftari tulikuwa nalo, ila lililotuokoa ni vibati. Kila fundi alikuwa na vibati vyake vya shaba vyenye namba yake. Anataka spana, anatoa kibati, nakitundika kwenye msumari wa ile spana. Jioni sisomi kitu, natupa jicho ukutani tu. Msumari wenye kibati una mwenyewe. Msumari mtupu, hapo ndipo pana ugomvi.

Wewe fanya hivi. Chukua nusu ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8. Laza zana zako juu yake, kila moja ichore mzingo kwa penseli, kisha ndani ya mchoro paka rangi nyekundu. Nyundo ikitoka, inabaki nyundo nyekundu inakukodolea macho. Vibati viwe vizibo vya soda: toboa, andika jina kwa rangi. Na mtu akitundike mwenyewe, kwa mkono wake, hata huyo mtoto. Ukimtundikia wewe, baada ya wiki umerudi kwenye daftari lako.

Jambo jingine. Patasi, randa na guni, yaani kipimo cha pembe mraba, ni kama mswaki, haviazimishwi. Nunua nyundo ya mtumba, koleo na bisibisi mbili, tia kwenye ndoo karibu na mlango. Hiyo ndiyo ndoo ya majirani. Hujamnyima mtu.

Kizingiti

Mzee kasema, mimi naongezea la kutu. Nachonga milango Bagamoyo, chumvi naijua. Dada, alizeti ikikaa hewani inaganda, ndiyo huo ulimbo unaouona. Ifute kwa mafuta ya taa. Halafu unahangaika na mafuta ya kupikia wakati una mafuta ya cherehani mezani kwako! Hayo ndiyo yake: tone moja kwenye kitambaa, pitisha kila ukimaliza kazi. Zana usiyoigusa miezi, ipake nta ya nyuki.

Vipele vilivyokwisha kuota: vua mpini, loweka chuma kwenye siki usiku mmoja, usisahau huko siku tatu maana siki itaanza kula chuma chenyewe. Sugua kwa brashi ya waya, suuza kwa maji ya magadi, anika juani papo hapo, kisha mafuta.

Na hiyo plaiwudi usiibandike ukutani moja kwa moja, hasa kama nyumba ni ya mawe ya zamani. Ukuta wa matumbawe unatoa unyevu wa chumvi. Weka vipande vya mbao nyuma, hewa ipite.

Randa ya Jioni

Shikamoo mzee wangu, na ahsante fundi wa Bagamoyo. Mafuta ya cherehani nimecheka peke yangu, chupa ilikuwa mbele ya macho yangu.

Nimerudi, wiki tatu zimepita. Ubao umesimama. Kaka alipoambiwa atundike kizibo alinuna, akasema nimemfanya mgeni kwa baba yake. Siku mbili baadaye nikakuta kizibo kwenye mchoro wa drili, kakiandika mwenyewe, na kachagua cha Fanta. Ndoo ya majirani haikai na nyundo hata siku moja, lakini ya baba ipo.

Mchoro wa patasi ya nusu inchi ulikuwa mtupu, kila anayeingia anauliza hiki nini. Juzi baada ya Isha jirani mmoja kaja nayo imefungwa kwenye gazeti. Hakueleza, na mimi sikuuliza. Makali yamemeguka, naona ilifungulia makopo ya rangi. Nikiipeleka kwenye grenda itapona?

Kizingiti

Itapona, ila usiwe na haraka. Gusa jiwe kidogo, chovya kwenye maji, gusa, chovya. Ukiona ncha imegeuka bluu, ugumu umeshatoka, itakubidi ukate hapo uanze upya. Mteremko wa makali uwe na urefu mara mbili ya unene wa chuma, utapata kama nyuzi 30. Malizia kwa jiwe la mkono.