Upande wa Ashuru: tuanzie 883, 745 au 668 KK?

tarishi
Wakuu, gemu tunayounda ni ya zamu, zamu moja sawa na miezi sita, ramani kutoka delta ya Nile mpaka Elamu (kusini-magharibi mwa Iran ya leo). Mwaka wa kuanzia Ashuru, himaya ya kale ya kaskazini mwa Iraki, haujaamuliwa, na ndio unaobeba vikosi, uchumi na maadui. Mezani kuna mitatu:

883 KK, Ashurnasirpal II: Ashuru bado ndogo, makao makuu yanahamia Kalhu, jeshi linatoka kukusanya ushuru kisha linarudi nyumbani.
745 KK, Tiglath-Pileser III: jeshi la mfalme la kudumu, falme zinazoshindwa zinageuzwa majimbo moja baada ya jingine.
668 KK, Ashurbanipal: himaya pana kupita kiasi, Misri imo, na miaka 56 mbele Ninawi inaanguka.

Naegemea 745. Nipingeni.

gogo_la_kubomolea
Napinga. 883 ina vikosi ambavyo hakuna upande mwingine utakuwa navyo. Kwenye michoro ya mawe ya Ashurnasirpal wapanda farasi wanakwenda wawili wawili: mmoja anavuta upinde, mwenzake ameshika hatamu za farasi wote wawili. Maana yake kikosi cha farasi 40 kinarusha mishale 20 tu, na akiuawa mshika hatamu, jozi nzima imetoka vitani. Hapo magari ya vita ya kukokotwa na farasi yanabaki kuwa silaha kuu na mchezaji analazimika kutafuta uwanda.

Halafu adui yupo tayari. Mwaka 853 pale Qarqar, huko Shamu, Shalmaneser III, mwana wa Ashurnasirpal, alikuta muungano: Dameski magari 1,200, wapanda farasi 1,200, askari wa miguu 20,000, Israeli magari 2,000 na askari 10,000, Waarabu ngamia 1,000. Hizo ni hesabu za mtu anayejisifu kwenye jiwe lake, kwa hiyo zichukueni kama uwiano, si idadi. Alidai ushindi, lakini ilimbidi arudi Shamu 849, 848 na 845. Wekeni sharti: Ashuru ikiteka mji wa tatu magharibi ya Frati, muungano unajiunda wenyewe.

Bi Hatamu
Gogo, hoja ya jozi nzuri, ila 883 inachosha. Kutoka, kupora, kurudi. Baada ya zamu ishirini mchezaji ameshaona kila kitu. 745 inampa kazi ya kutawala, na Israeli inatupa ngazi yake tayari imechongwa:

738: mfalme wao Menahemu analipa ushuru, anabaki na kiti chake.
732: Galilaya inamegwa, Hoshea anasimikwa mfalme wa kilichobaki.
722: Samaria inaanguka, Sargon II, mfalme wa Ashuru, akaandika kwamba alihamisha watu 27,290.

Ifanyeni kanuni. Kila uasi unampandisha kibaraka ngazi moja, na hakuna kuruka. Ngazi ya kwanza fedha inaingia bila gharama ya ulinzi. Ya tatu inaleta kodi na askari, lakini unalipa liwali, ngome na barabara. Mchezaji mwenye pupa akigeuza kila mji kuwa jimbo atafilisika, na ndivyo inavyotakiwa.

Vikosi vya 745: mpanda farasi sasa anamwongoza farasi wake mwenyewe, kwa hiyo mishale inarudi kuwa kamili. Waitu'a ni wapiga upinde wa Kiaramu, Wagurru ni wa mikuki. Wape gharama nusu ya askari wa mfalme na waruhusiwe kulinda majimbo. Wapiga kombeo wasimame nyuma ya wapiga upinde.

Mwana_ngome
668 isiwe mwanzo wa kampeni. Iwe mchezo mfupi wa peke yake: vita vya Ashurbanipal na nduguye Shamash-shum-ukin wa Babeli, 652 mpaka 648. Ukiandika anguko la 612 ndani ya kampeni ndefu mchezaji ataona ameibiwa. Usipoliandika, kompyuta itakaa na Misri milele.

tarishi
Nimekubali kuhusu 668. Sasa, woga na kuhamisha watu. Rasimu yangu inatoa alama +3 za woga kila mji ukichomwa, na uhamisho unakamilika papo hapo.

gogo_la_kubomolea
Hapo ndipo Ashuru yenu itapaa isikamatike. Woga ukiwa faida tupu, kila mji unafungua lango na vita vinakwisha zamu ya kumi. Upeni makali pande mbili: alama moja ya woga iongeze 5% za mji kusalimu amri, na 5% hizo hizo za majirani kuungana.

Uhamisho nao usiwe wa kubofya mara moja. Barua za serikali yenyewe zinataja wahamishwaji wapewe chakula, viriba vya maji, viatu na mafuta. Michoroni wanawake na watoto wamepakiwa kwenye mikokoteni. Walikuwa nguvu kazi, hawakutakiwa wafie njiani. Basi: safari zamu 2, nafaka kipimo 1 kwa kila watu 1,000 kwa zamu, nafaka ikipungua potezeni robo yao. Wanapofika, kodi ianze zamu ya nne. Kule walikotoka, uasi ushuke nusu lakini kodi nayo ishuke hivyo hivyo.

Mwana_ngome
Kuzingira miji: gogo la kubomolea (gari lililofunikwa, lenye gogo la kuvunja kuta) lipewe hatua tatu za majibizano. Walinzi wanatupa mienge. Ndani ya gogo kuna mtu mwenye upawa anamwagia maji. Walinzi wanashusha mnyororo kunasa kichwa cha gogo. Waashuri wanauvuta chini kwa kulabu. Mkikosa maji kambini, gogo linaungua. Kwa hiyo mji ulio mbali na mto uwe mgumu zaidi.

Tuta la kupandia ukuta wa Lakishi, mji wa Yuda, 701, lilijengwa kwa mawe kona ya kusini-magharibi, na walinzi wakainua tuta lao upande wa ndani. Mpeni mtetezi uwezo huo. Tahadhari ya kiufundi: tuta liwe na upana wa gogo pamoja na safu mbili za askari kila upande. Likiwa jembamba, gogo linaziba njia na askari wa miguu wanabaki wakizunguka chini kama siafu.

Bi Hatamu
Na farasi wasitokee hewani. Akiba ya kuanzia 600, kikosi kimoja kinakula 40, na akiba ijazwe kwa ushuru wa Zagros (milima ya mashariki) au Urartu (ufalme wa kaskazini) pekee. Baadaye Misri ikifunguliwa, farasi wa Kushi (kusini mwa Misri) wawe wa magari.

Mfalme akiwa uwanjani ari +2, lakini akifa vibaraka wote wapimwe uaminifu zamu hiyo hiyo. Sargon II aliuawa vitani huko Tabal (Uturuki ya leo) mwaka 705 na mwili wake haukupatikana.

tarishi
745 basi. Mchoraji anauliza sura za maliwali.

Bi Hatamu
Achore aina mbili: wenye ndevu ndefu za mawimbi, na matowashi wasio na ndevu kabisa. Towashi asiweze kurithisha cheo, ila uaminifu wake uanze juu kwa alama 2.