Naomba ushauri: igizo la maharamia na asili ya "hello", niwakatishe wanafunzi au niache liende?

MleziWaKlabu
Habari zenu wakuu. Nafundisha Kiingereza shule ya sekondari ya kata, na ndiye mlezi wa klabu ya Kiingereza. Siku ya wazazi inakaribia na vijana wa kidato cha pili wametunga igizo lao: meli ya haramia, nahodha mwenye kiraka jichoni, kasuku wa maboksi. Wamelipenda mno, hata walio wagumu kufungua mdomo darasani wameomba nafasi.

Tatizo ni kipande cha katikati, nahodha anapowafundisha mabaharia asili ya salamu za Kiingereza. Anasema "hello" lilikuwa jina la mpenzi wa Graham Bell, mvumbuzi wa simu, aitwaye Margaret Hello. Mwingine anadakia kwamba hapana, ilikuwa kelele ya maharamia wakiona meli ya kuteka. "Goodbye" eti ndilo neno aliloambiwa mateka kabla ya kutembezwa kwenye ubao atumbukie baharini. Na "arrr" ndiyo salamu yao ya asubuhi. Wameokota WhatsApp na kwenye katuni.

Mwalimu mwenzangu, mkubwa kwangu kazini, anasema ni igizo tu, niache. Mimi nasita. Wazazi wataondoka na maneno haya kama somo, maana yametoka shuleni. Nifanyeje bila kuwavunja moyo? Na ukweli wenyewe ni upi?

Kijiwe_Kahawa
Mwalimu, Margaret Hello ondoa leo leo. Huyo mwanamke hakuwahi kuwepo. Bell alimwoa Mabel Hubbard Julai 1877, na Mabel alikuwa kiziwi tangu utotoni. Sasa niambie, mpenzi wa kupigiwa simu alikuwa nani?

Halafu utamu ni huu: Bell hakuitaka kabisa hiyo "hello". Alitaka watu wakipokea simu waseme "ahoy", ule wito wa mabaharia wa kuitana kutoka chombo hadi chombo. Kwa hiyo bahari imo kwenye hadithi, ila wanafunzi wako wameiweka kwenye neno lisilo lake.

Bint_Pangani
Da mwalimu, naunga mkono hapo juu, na naongeza. Aliyeipigia debe "hello" ni Thomas Edison, mvumbuzi wa Marekani. Mwaka 1877 alimwandikia mkuu wa kampuni moja ya telegrafu mjini Pittsburgh. Wakati ule swali lilikuwa: laini ya simu iko wazi muda wote, utamshtua vipi mtu wa upande wa pili aje kwenye simu? Wengine walifikiria kengele. Edison akasema kengele ya nini, ukipaza "hello" inasikika futi 10 hadi 20. Hoja ya fundi, haikuwa ya mapenzi.

Ila Edison hakulibuni. Lilishachapishwa Marekani miaka ya 1820, na lina ndugu zake wa zamani zaidi, "hallo" na "holla", kelele za kumshtua mtu aliye mbali au kuwaita mbwa wa kuwindia. Kabla ya simu halikuwa salamu hasa. Lilikuwa la kushtua au la kushangaa.

Na sisi ushahidi tunao mdomoni. "Haloo" ya Kiswahili tunaitumia kwenye simu, ukikutana na mtu njiani husemi "haloo", unasema mambo au habari za saa hizi. Neno lilikuja na mashine yake. Ile "halooo!" ya kina mama kwenye taarabu mtu akirushiwa kijembe ni mambo mengine, ingawa kwa mshangao wake inakaribia sana ile ya Waingereza wa zamani, hahaha.

Mzee_wa_Fitina
Mnamchosha mwalimu bure. Ni watoto na kasuku wa maboksi. Nani ataenda siku ya wazazi kutafuta asili ya maneno? Watu wanasubiri pilau. Acha vijana wacheze, Kiingereza kinakuja kwa kuthubutu.

Bint_Pangani
Mzee, kuthubutu sawa. Ila igizo likisema "nahodha anadanganya" ni igizo, likisema "hii ndiyo asili ya neno" ni somo. Mwalimu kaliona hilo.

Mwana_wa_Kale
Salaam mwalimu, nachangia kutoka Mombasa. Hiyo ya "goodbye" ina jibu fupi: ni "God be with ye", Mungu awe nawe, lililosagika mdomoni hadi likawa neno moja. Mwisho wa karne ya 16 lilikuwa tayari limeanza kuandikwa kwa mkato, yaani kabla hata ya maharamia maarufu akina Blackbeard kuzaliwa. Ni dua. Watu wanamuombea msafiri, nyinyi mnamtumbukiza baharini!

Na huo ubao wenyewe, kwa maharamia wale wa mwanzo wa karne ya 18 ushahidi wake ni haba sana. Umekuzwa na vitabu na michoro ya baadaye. Mateka alikuwa na faida akiwa hai: anajua kazi za meli, anajua mali imefichwa wapi, au ataandikishwa kwa nguvu.

Mkitaka haramia wa kweli, wa bahari yetu hii, mchukueni William Kidd. Mskoti, alitumwa kuwasaka maharamia, akageuka yeye. Mwaka 1697 alikuwa Komoro, na watu wake wengi walikufa kwa maradhi hukohuko. Januari 1698 akaiteka meli ya mizigo ya India, Quedagh Merchant, kisha akaenda Sainte-Marie, kisiwa cha Madagaska kilichokuwa maskani ya maharamia. Aliporudi Marekani alizika sehemu ya mali kisiwa cha Gardiners, karibu na New York. Ikafukuliwa na serikali ikatumika kama ushahidi dhidi yake. Mei 1701 akanyongwa London, na kamba ilikatika mara ya kwanza, wakamnyonga tena. Hadithi nyingi za hazina iliyozikwa zimeota kwenye hicho kishimo kimoja.

Fundi_Redio
Imebaki "arrr". Hiyo ni ya sinema. Mwaka 1950 Disney walitoa filamu ya Treasure Island, na mwigizaji Robert Newton akamcheza haramia Long John Silver kwa lafudhi nzito ya kusini-magharibi mwa Uingereza, kwao alikotoka. Kule "arr" ni kama "ndiyo" tu, mkulima pia anasema. Watu wakadhani maharamia wote walizungumza hivyo. Kasuku begani naye katoka kwenye riwaya ya 1883 iliyozaa filamu hiyo.

Nje ya mada kidogo: Wacheki hawana bahari hata tone, lakini salamu yao ya kila siku ni "ahoj", neno lile lile la mabaharia. Bell angefurahi.

MleziWaKlabu
Asanteni sana, kwa kweli sikutegemea. Mzee wa Fitina nimekusikia, pilau lipo. Sasa swali la utekelezaji. Nikimpa nahodha maneno ya kweli tupu, igizo litakuwa hotuba. Yule kijana anayecheza nahodha ndiye mchekeshaji wao, na uongo ndio anaoufurahia.

Kijiwe_Kahawa
Basi mwache aongope, mpe kasuku kazi ya kumsahihisha. Nahodha anasema Margaret Hello, kasuku anadakia: "Uongo! Mabel! Mabel!" Nahodha anasema goodbye ni ya ubaoni, kasuku anapiga ishara ya dua. Hakuna aliyenyang'anywa kipande chake, na wazazi wanacheka na ukweli.

Bint_Pangani
Hii nimeipenda. Ila msimpe kasuku miaka na majina mengi, atasahau jukwaani. Sentensi fupi fupi. Hiyo ya Edison mpeni baharia mwingine, asimame mbali na mwenzake wajaribu kuitana, kwanza kwa "ahoy" kisha kwa "hello". Watu wataelewa bila kuelezwa.

Mzee_wa_Fitina
Haya, hapo kwa kasuku mmenishinda. Lakini kamba ya Kidd iacheni, kuna watoto wa chekechea mstari wa mbele.

MleziWaKlabu
Kamba haimo. Anayecheza kasuku ni binti ambaye hadi sasa hakuwa na neno hata moja, alikuwa wa kupiga mabawa tu. Kesho baada ya vipindi nakaa naye tuandike. Mwana wa Kale, ukipata nafasi niandikie mistari miwili mitatu ya Kidd akiwa Komoro kwa Kiingereza chepesi, kidato cha pili, tafadhali. Nataka nahodha abadilishwe jina.

Mwana_wa_Kale
Nakuletea jioni. Mwambie asiseme "arrr" mbele ya Mskoti.